Wito wa Vinywa Vitatu

Kilichomtia wasiwasi kwanza ni harufu ya poda ya jukwaani. Mama huyu alikuwa ameacha uigizaji tangu goti lilipomharibikia, na kopo lake la mwisho la poda alilitupa kwa mkono wake mwenyewe. Lakini mchana ule chumba cha kazi cha mumewe kilinuka poda, na jasho la mtu aliyesimama sana mbele ya taa kali.

Mumewe hakuinua kichwa. Majirani walimwita Mkasi, kwa kuwa mashairi yake hakuyaandika, aliyakata. Alichukua tamthilia za zamani za kikundi cha mkewe, akachomoa mstari huku na mstari kule, akaibandika kwa gundi kwenye karatasi safi na kutia jina lake chini.

"Umekata hata ile ya mganga?" mkewe aliuliza.

"Hiyo ndiyo yenye nyama kidogo. Watu wanapiga mayowe jioni nzima, mistari ya maana mitatu tu. Nimeiokoa."

"Mitatu ipi?"

"Wa mama, wa mganga na wa maiti. Mwandishi wenu hata hakuona kuwa ni shairi moja. Kalitawanya kama mtu aliyeshikwa na chafya ana mbegu mdomoni."

Mkewe aliketi taratibu. Mwandishi alikuwa ameona vizuri sana. Mistari ile ilikuwa wito wa kuita pepo, aliopewa na mganga wa kweli, ndiyo maana akaugawa kwa vinywa vitatu, na hata kwenye mazoezi hakuna mwigizaji aliyeruhusiwa kutamka fungu la mwenzake. Maneno ya kumfukuza aliyeitwa nayo yaligawanywa vivyo hivyo. Yeye ndiye aliyeigiza mama. Walioigiza mganga na maiti walikwisha kuzikwa, wote wawili.

"Umeshausoma kwa sauti, baba?"

"Tangu asubuhi nausoma. Una mdundo."

"Na maneno ya mwisho, ya kufukuza?"

"Yale makapi? Nimewashia jiko."

Nyuma ya pazia mtu aliguna, mguno wa msikilizaji aliyechoka kungoja.

"Usimjibu," mkewe alinong'ona. "Akisema lolote, nakuomba, usimjibu. Anatafuta kinywa."

Pazia halikutikisika, ila harufu ya poda ilizidi mpaka ikawakaa kooni, na vipande vya karatasi vilivyotapakaa sakafuni vikaanza kujikunja kimoja kimoja kama majani yaliyosogezwa karibu na moto, na katikati ya mkwaruzo ule ikatoka sauti ya taratibu, yenye adabu, iliyojaa dharau.

"Nimewahi kuitwa kwa damu. Nimewahi kuitwa kwa ubani. Leo nimeitwa kwa gundi."

Mkewe alimshika Mkasi mkono. Mume huyu alikuwa na kiburi, hilo alilijua kuliko yeyote, lakini ndiye aliyemkanda goti kila jioni bila kuombwa, na hakuwa tayari kumpoteza kwa ajili ya mistari mitatu.

"Na mstari wa pili," sauti ikaendelea, "umekufa."

Mkasi alikunja uso. Hofu angeivumilia, lakini kudharauliwa hakukuzoea. Mkewe alimminya vidole, akatikisa kichwa, akaunyoosha mkono mwingine kumziba mdomo, akachelewa.

"Wewe nani wa kunifundisha mimi ush—"

Hakumaliza. Kinywa kilibaki wazi, kifua kikajaa kama cha mtu anayevuta pumzi ndefu kabla ya kuzama, na papo hapo mkewe akatamka fungu lake la kufukuza, lote, kwa sauti ile ile iliyokuwa ikifika viti vya nyuma, akalirudia, akalirudia tena, mpaka vipande vya karatasi vikatulia.

Mumewe alifunga mdomo, akatabasamu, akasema amechoka.

Jioni alikuja na mafuta kama kawaida, akaliweka goti la mkewe juu ya paja lake. Mikono ilikuwa baridi. Alipoinama, pumzi yake ilinuka poda. Shairi lilikuwa mezani. Alilitupia jicho, akacheka puani. Katika ndoa yao yote mkewe hakuwahi kumwona akikicheka kitu chenye jina lake.

"Fungu lako umelisema vizuri, mama," alisema, akiendelea kukanda. "Sasa wenzako wawili wako wapi?"