Kitanda cha Nyoka Mkufu

Siwema aliishi Tanga na bibi yake. Nyumba yao ilikuwa na ua mpana, na uani palikuwa na minazi miwili.

Siku moja alikuja Mjomba Hatibu. Kwapani alikuwa na kisanduku cha kioo.

"Shikamoo, Mjomba. Umeleta nini?"

"Marahaba. Nimekuletea rafiki."

Ndani ya kisanduku alikuwamo nyoka mdogo wa kahawia. Alikuwa mwembamba kama kidole, na aling'aa kama mkufu. Basi Siwema akamwita Mkufu.

Mjomba Hatibu alikuwa daktari wa wanyama. "Huyu hana sumu," akasema. "Nimemlea tangu yai. Lakini nyoka wa vichakani usimguse kamwe. Ukimwona, rudi nyuma, uite mkubwa."

"Sawa, Mjomba."

Bibi alikaa kwenye kiti cha mbali. Akapandisha miguu juu.

"Mbona ananikodolea macho? Hapepesi hata kidogo!"

"Hana kope, Mama," Mjomba akacheka. "Hata akilala, macho huwa wazi."

"Mmh," akasema Bibi. "Mie huyo simwamini."

Mjomba akatandika gazeti kuukuu ndani ya kisanduku. "Hili linatosha kwa sasa," akasema. Akaaga, akaenda zake.

Siwema akalitazama lile gazeti. Gazeti! Hicho nacho ni kitanda?

Nyumba ya pili alikaa Fundi Mbaraka, seremala. Alikuwa akipiga randa. Khwaa! Khwaa! Maranda yakaanguka chini, mekundu, laini, yamejikunja. Yalinukia kama manukato!

"Fundi, naomba maranda. Nataka kumtandikia Mkufu."

"Chukua, mwanangu. Chukua mfuko mzima."

Siwema akatoa gazeti. Akatandaza maranda, mengi, mengi. Kitanda kikawa kizuri mno.

Asubuhi akasikia kitu. Fyuu… fyuu… fyuu…

Alikuwa Mkufu. Kichwa juu, kinywa wazi. Hatambai, hajikunji.

"Bibi! Bibi! Mkufu anapumua kwa shida!"

Bibi akachungulia kutoka mlangoni. "Na mimi pua imeniwasha usiku kucha. Harufu gani hii?"

Siwema akainama juu ya kisanduku. Akanusa. Nf, nf. Haaachii! Harufu ilikuwa kali kwelikweli.

Wakampigia simu Mjomba.

"Toa maranda yote!" Mjomba akasema. "Mbao zinazonukia humuumiza nyoka kifuani. Futa kisanduku, rudisha gazeti. Nakuja sasa hivi."

Siwema akamwinua Mkufu kwa mikono miwili, polepole. Akamweka ndooni. Bibi akaifunika ndoo kwa ungo, uso kaugeuzia pembeni.

Siwema akafuta kioo huku machozi yakimtoka. "Nisamehe, Mkufu. Mimi niliona yananukia vizuri tu."

Mjomba akaja na dawa. Kila siku akaja tena. Fyuu, fyuu ikapungua. Ikapungua. Ikaisha.

Lakini tangu siku hiyo, Siwema hakuamini kitu.

Mkufu alisukuma pua yake kwenye pembe za kisanduku. Huku, kule. Huku, kule.

"Anatafuta mahali pa kujificha," Mjomba akasema. "Nyoka hupenda kujichimbia. Mtafutie kitu kingine, lakini kichunguze vizuri."

Fundi Mbaraka aliposikia habari za maranda, akahuzunika. Akaleta mchanga kwenye kopo. "Huu haunuki kabisa," akasema.

Siwema akauchota kwa mkono wenye maji. Mchanga ukamganda vidoleni. Akapangusa, haukutoka. Je, Mkufu akila, si utamganda kinywani?

Siwema akakunja uso. "Mmh! Hapa pana jambo."

Mchanga ukarudi kwa Fundi.

Akakusanya majani makavu chini ya mnazi. Kwacha, kwacha! Akayatikisa. Wakatoka sisimizi, baba, mama na watoto wao wote!

Siwema akakunja uso. "Mmh! Hapa pana jambo."

Akapata nyuzi za mkonge, nyeupe, ndefu. Akazizungusha kwenye kidole. Akavuta. Lo! Zikambana. Kidole kikawa chekundu. Na Mkufu ni mwembamba kama kidole!

"Mmh! Hapa pana jambo."

Siku moja Siwema alirudi kutoka shule. Mlango wa uani ulikuwa umefungwa. Nyuma ya mlango kukasikika: Pu! Pu! Pu!

Siwema akasimama. Bibi hafungi mlango wa uani mchana.

"Bibi, unafanya nini?"

Pu! Pu… Kimya.

Mlango ukafunguka kidogo. Bibi akatoa kichwa. Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Kulikuwa na kitu chini ya kanga yake.

"Sifanyi kitu. Nenda kanawe, ule."

Akafunga mlango. Pu! Pu! Pu!

Bibi anapiga nini? Bibi anaficha nini? Mbona alisema hamwamini Mkufu?

"Mmh," Siwema akanong'ona. "Hapa pana jambo kubwa."

Akakimbia chumbani. Mkufu yupo? Yupo! Ulimi unaingia, unatoka. Siwema akakumbatia kisanduku. Akakaa hapo. Hakwenda kunawa. Hakwenda kula.

Pu! Pu! Pu!

Akashindwa kuvumilia. Akanyata. Nyatu, nyatu, nyatu. Akasukuma mlango. Ngwiii!

Bibi alikuwa amekaa chini. Mkononi ana mchi. Mbele yake kuna jiwe, na juu ya jiwe kuna makumbi ya nazi!

Alikuwa akiyaponda. Pembeni, kwenye mkeka, mengine yalikuwa yamesagika, laini, ya kahawia, yameanikwa juani.

"Bibi! Haya ni ya nini?"

Bibi akajifunika uso kwa kanga. "Ni ya huyo nyoka wako. Nimeyaosha na kuyaosha tena. Nyuzi ndefu nimezikata."

"Sasa mbona umenificha?"

"Nimemwambia kila mtu simwamini nyoka," Bibi akasema. "Wakiniona nampondea kitanda, watasemaje?"

Siwema akacheka. Bibi naye akacheka.

Kisha Siwema akaacha kucheka. Akachota makumbi. Akanusa. Nf, nf. Akasugua shavuni. Akayapepeta kwenye ungo, che, che, che. Akatafuta sisimizi. Akatafuta tena.

"Je?" Bibi akauliza. "Pana jambo?"

Siwema akafikiri. Akanusa mara ya mwisho.

"Hapana, Bibi. Hapa hapana jambo."

Mjomba alipokuja, naye akayashika. "Safi, makavu, hayana harufu. Mtandikieni."

Siwema akamimina makumbi kisandukuni. Bibi akayasawazisha kwa kiganja.

Mkufu akatoa ulimi. Akaingiza pua. Akaingiza kichwa. Swiii… akazama. Hayupo!

Wakangoja.

Makumbi yakatikisika. Ikachomoza pua ndogo tu. Mkufu ametulia.

Siwema akatega sikio. Hakuna fyuu. Hakuna hata kidogo.

Jua likazama. Siwema akaoga, akala, akapanda kitandani. Bibi akamshushia chandarua.

"Lala salama, Siwema."

"Lala salama, Bibi."

Bibi akaenda hadi mlangoni. Akasimama. Akarudi, taratibu, mpaka kwenye kile kisanduku. Akainama.

"Na wewe, Mkufu," akasema kwa sauti ndogo. "Lala salama."