Aliyekalia Kigoda

Siku ya kufua nguo ndiyo aliyoipenda yule mmisionari mdogo kuliko siku zote. Wamisionari wale wawili waliamka, wakaloweka mashati yao meupe kwenye ndoo, kisha wakapiga simu makwao, kila mmoja kwa mama yake, kila mmoja kwenye pembe yake ya sebule, lakini wakionana. Lazima waonane. Ndiyo sheria ya kazi yao: mmisionari wa Wamormoni hatembei peke yake. Hupangiwa mwenzi, na popote alipo, mwenzi huyo awe mahali pa kumwona au walau kumsikia. Sokoni wawili, kwa wagonjwa wawili, kwa kinyozi wawili, mmoja ananyolewa na mwingine anatazama nywele zinavyoanguka. Hata chooni, mmoja akiingia, mwenzake hubaki karibu akisikiliza maji.

Mkubwa wao alikuwa amebakiza muda mfupi kumaliza miaka yake miwili. Mtaa mzima ulimwita Mrefu, maana hapakuwa na mlango ambao haukumpiga kofi la paji la uso. Mdogo alikuwa ametoka ng'ambo majuzi tu, hata vumbi la safari halijamtoka. Beji ya kifuani kwake ilimtaja kwa cheo cha Mzee, kama ya mwenzake, na jambo hilo lilikuwa kichekesho kila walikopita.

"Na huyu naye mzee?" aliuliza baba mdogo wa mshonaji mmoja wa mtaa ule, siku ya kwanza walipobisha hodi kwake. "Mzee wa nini, wa kunyonya?"

"Mzee wa kanisa, baba," alijibu Mrefu.

"Basi huyu ni Mzee Mtoto. Pita, mwanangu. Lakini usinikanyage, miguu hii ndiyo mtaji wangu wa uzeeni."

Baba mdogo alikuwa akishinda kwenye benchi la mlangoni mwa mshonaji, amenyoosha miguu ikakata njia. Kila apitaye ilibidi asubiri aikunje, na aliikunja kwa madaha, kama mtu anayefungua geti la mkubwa. Macho yake yalikwisha kuingia ukungu. Alijua watu kwa hatua zao. Kuwapo kwake kuliwafaa wamisionari, kwa sababu hawakuruhusiwa kuingia kwa mwanamke aliye peke yake. Mlango ukiwa wazi na mzee yupo kizingitini, hapakuwa na neno.

Jina lile la Mzee Mtoto likamganda, naye hakulikataa. Kwa kweli alijiona mtoto. Wiki yake ya kwanza alilia kila alipolala, uso ndani ya mto ili asisikike. Mrefu alisikia. Hakuuliza kitu. Aliinuka, akakokota kitanda chake mpaka kikakaribiana na cha mwenzake, akasema, "Mwenzi hamwachi mwenzi. Lala." Tangu hapo kijana alilishika neno hilo kama mtoto anavyoshika upindo wa nguo ya mama yake.

Alasiri waliyoitwa na mshonaji, jua lilikuwa limeingia hadi katikati ya chumba chake cha kazi. Cherehani mbili zilitazamana, kila moja na kigoda chake. Moja ilikuwa imefunikwa shuka. Ukutani palikuwa na picha ya wanawake wawili wenye sura moja. Aliyewatofautisha ni msusi. Mmoja alikuwa amesukwa mistari ya kwenda nyuma. Mwingine, ambaye ndiye mshonaji mwenyewe, alikata nywele fupi kama mvulana wa shule.

Joto lilikuwa la kutoa jasho, lakini mshonaji alivaa soksi za sufu mikononi. Alizivua, akamnyooshea Mrefu mkono.

"Nishike uone."

Mrefu aliushika, akauachia upesi. Ulikuwa baridi kama bomba la chuma alfajiri.

"Hospitali wanasema damu nzuri, mishipa mizuri," alisema mshonaji. "Nikawaambia ni pacha wangu. Wakaniandikia vidonge vya usingizi."

"Pacha wako aliyefariki?"

"Huyo huyo." Sauti yake ilishuka. "Sisi tumelala kitanda kimoja tangu kuzaliwa. Hajui kukaa peke yake, hajawahi hata siku moja. Sasa ananishika mikono. Nikikaa kwenye cherehani ananishika, nikinyanyua sindano ananishika. Nampenda, wanangu, msinielewe vibaya. Lakini sishoni tena. Nisiposhona mimi ni nini?"

Kutoka mlangoni baba mdogo alidakia, "Na mimi nitakula nini?"

"Wewe utakula maneno yako, umeyajaza tele."

Walicheka kidogo, wote. Kisha mshonaji akawaonyesha nguo zilizotundikwa kwenye kamba, alizoziacha marehemu. Akageuza kifungo cha shati moja. Chini yake, mahali pasipoonekana, palikuwa na mshono mmoja wa uzi mwekundu.

"Sahihi yake hiyo. Kila kifungo. Na uzi alikuwa akiukata kwa meno, mkasi uko pembeni unamtazama. Nimemgombeza mpaka nikachoka." Aliurudisha mkono wake ndani ya soksi. "Hata kile kikofia cha chuma cha kidoleni tulimzika nacho. Kilikataa kutoka."

Mrefu alitoa kichupa cha mafuta ya zeituni kilichoning'inia kwenye funguo zake. Walichoombwa walikijua. Kwa desturi yao, mmoja humdondoshea mgonjwa tone la mafuta utosini na kusema maneno machache. Kisha wote wawili humwekea mikono kichwani, na yule wa pili hutamka baraka. Baraka hiyo haiandikwi wala haikaririwi. Mtu husema lile linalomjia.

"Leo utatamka wewe," Mrefu alimnong'oneza.

"Mimi? Sijawahi."

"Ndiyo utakuwa umewahi. Fumba macho. Usitunge. Subiri."

Mshonaji aliketi kwenye kigoda chake. Mrefu akampaka mafuta, akasema yake, akamaliza. Kijana akasimama nyuma ya kigoda, akafumba macho, akainua mikono.

"Pasi yangu!" mshonaji akapiga kelele.

Harufu ya kitambaa kinachoungua ilikuwa imetoka chumba cha nyuma. Kijana alisikia kigoda kikisukumwa, kandambili zikikimbia. "Utaishikaje kwa mikono hiyo?" Mrefu alisema, na viatu vyake vizito vikamfuata.

Kijana hakufumbua macho. Aliogopa kwamba akifumbua, hata lile neno dogo lililokuwa likianza kumjia litaruka kama ndege. Isitoshe, sheria haikuvunjwa: alimsikia mwenzi wake vizuri kabisa, huko nyuma, akimwagia kitu maji na kucheka. Basi alisubiri, mikono imeinuliwa juu ya kigoda kitupu.

Kisha vicheko vikanyamaza.

Nguo ilichakarika. Kigoda kikalia, kama kinavyolia kikikaliwa. Kichwa kikaja chini ya viganja vyake, polepole, kikatulia.

Alianza.

"Usiogope," alisema. Sauti yake ilitetemeka, halafu ikakaa sawa. Maneno yalikuja. Hakuyatunga. Yalikuwa yale yale aliyotamani kuambiwa wiki yake ya kwanza, uso ndani ya mto. "Hutaachwa peke yako. Aliyekuwekea mikono hii ni mwenzi wako, na mwenzi hamwachi mwenzi. Aendako, nawe upo."

Kichwa kilikuwa kikavu. Aliona ajabu, maana Mrefu hakuwa bahili wa mafuta.

Mikono ikaja juu ya mikono yake. Mrefu amerudi, aliwaza, akafarijika. Lakini mikono ile haikutoka juu. Ilipanda kutoka chini. Ilimshika kwa upole, ikambana, kama mtu anayeshikilia kofia isipeperushwe na upepo. Baridi ilimpanda hadi viwikoni. Kidole kimoja kilikuwa na chuma kwenye ncha.

Na chini ya viganja vyake, nywele. Zimesukwa mistari. Za kwenda nyuma.

Alitaka kunyamaza. Ulimi ulimaliza wenyewe.

"Amina."

"Amina," ilijibu sauti ndogo, chini ya mikono yake.

"We, Mzee Mtoto! Umeanza bila sisi?"

Alifumbua macho. Mrefu alikuwa ameinama kwenye mlango wa chumba cha nyuma, pasi mkononi. Mshonaji alikuwa nyuma yake, mafuta yaking'aa kwenye paji lake. Kigoda kilikuwa kitupu. Mikono ya kijana ilikuwa bado hewani, imejikunja kwa umbo la kichwa.

Kabla hajapata la kusema, mshonaji alianza kuvua soksi za mikononi. Alizivua haraka, akazitupa, akashika mashavu yake, akashika mkono wa Mrefu, akashika hata chuma cha cherehani.

"Imepata joto," alisema. "Jamani! Imepata joto. Ameniachia!"

Alilia kwa furaha, naye Mrefu machozi yakamlengalenga. "Hata hatujambariki!" alisema. Kijana alitazama picha ukutani, kisha akatazama chini.

Walipoaga, baba mdogo alikunja miguu kumpisha Mrefu. Akaikunja kumpisha kijana, akainyoosha. Kisha akageuza uso kidogo, kama mtu aliyesikia hatua anazozijua, akaikunja tena.

Mlangoni hapakuwa na mtu.

Njiani kijana alinong'ona, "Baraka hurudishwa?"

"Hairudishwi. Ukishasema amina umesema. Kwani umesema nini?"

"Kwamba hataachwa."

"Basi vizuri. Si kweli?"

Kijana aliharakisha hatua. Shati alilovaa lilikuwa limepoteza kifungo cha kola tangu siku nyingi. Alizoea kuficha pengo lake kwa tai. Siku ya kufua ilipofika, alipolitoa shati kwenye kamba, kifungo kilikuwapo. Mrefu hakuwa mtu wa kujua sindano na msumari tofauti yake. Kijana alikigeuza kwa ukucha. Mshono mmoja, mwekundu.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na kwa jina gani? Alijaribu kumchukia pacha yule, akashindwa. Kila alipojaribu alikumbuka kitanda kikikokotwa sakafuni, na utamu wa kujua kwamba kuna anayepumua karibu. Mtu ambaye hajawahi kuwa peke yake hata siku moja, akafa peke yake. Nani angemwambia asitafute? Lakini huruma haiondoi hofu. Alianza kuacha mlango wa bafu wazi. Alianza kukaa upande mmoja wa benchi, akiacha nafasi.

Walipita tena kwa mshonaji, wakamkuta anashona na kuimba, mikono inakwenda kama maji. Aliwashukuru, akawacheka, akampimia Mrefu suruali kwa macho. Wakati wa kutoka alimsogelea kijana.

"Anakusumbua?" alinong'ona.

"Hapana."

"Usimfokee akikata uzi kwa meno." Macho yake yalikuwa mekundu. "Mimi nilimfokea sana."

Mrefu alimaliza kazi yake akarudi kwao. Wenzi wengine walipangwa wakaja, wakapangwa wakaondoka. Walimsifu kijana kwamba mashati yake hayachakai. Mmoja wao, mpole, asiyependa maneno, aliomba kuhamishwa kabla ya wakati wake. Hakutoa sababu kwa wakubwa. Kwa kijana alisema tu, huku akifunga begi bila kumtazama, "Wewe una mwenzi tayari."

Hatimaye miaka miwili ya kijana nayo ikatimia. Kiongozi alimshika mkono, akamwambia amepumzishwa: beji aivue, mwenzi hana tena. Kijana alilishika neno hilo kwa nguvu zake zote. Ahadi ile aliitoa kama mmisionari, aliwaza. Cheo kikivuliwa, na ahadi inavuliwa. Katika msukumano wa uwanja wa ndege kifungo cha mwisho cha shati lake kilikatika. Alikiokota, akakitia mfukoni mwa suruali, akafurahi karibu kucheka. Safari nzima alikuwa akikigusagusa. Kilibaki pale pale, kimekatika, kama vifungo vya watu wengine.

Nyumbani walimlaki, wakamlisha, wakamchosha kwa maswali. Adhuhuri aliingia chumbani kwake, akafunga mlango. Hapakuwa na mtu wa kumwona wala kumsikia. Alivua shati akalitundika kwenye kiti, akavaa fulana, akaketi kitandani, akasikiliza.

Kimya. Pazia, jua, sauti ya sufuria jikoni.

Alipumua. Na hapo, pamoja na unafuu, kitu kingine kilimjia ambacho hakukitarajia: upweke wa wiki ile ya kwanza. Chumba kilikuwa kikubwa mno. Kabla hajajizuia, mdomo ulisema, chinichini:

"Upo?"

Hakuna kilichojibu. Akajicheka, akatoka.

"Mwanangu, lete hilo shati la safari nilifue," mama yake aliita kutoka uani. "Na kama kifungo kimekatika nipe, nikushonee."

"Ninacho hapa, mama." Alitia mkono mfukoni. Akaupekua mfuko mpaka pembeni, akaugeuza nje.

Mfuko ulikuwa mtupu.

Alirudi chumbani. Shati lilikuwa kwenye kiti, kama alivyoliacha. Kifungo cha mwisho kilikuwa mahali pake, kimekazwa vizuri. Chini yake ulining'inia uzi mwekundu, mrefu kidogo, kama wa mshonaji aliyeitwa ghafla kabla hajamaliza.

Akaugusa kwa ncha ya kidole. Ulikuwa umelowa mate.