Bomba la Moshi la Nyumba ya Bibi Tao

Kila asubuhi ya majira ya baridi, Guixian aliamka kabla ya mdogo wake. Alichochea jiko, akaongeza makaa ya mawe, akafukia viazi vichache majivuni. Kisha alipanda kigoda, akashindilia furushi la blanketi kuukuu kwenye tundu la bomba la moshi.

"Umeziba sawasawa?" Bibi Tao, mama mzaa baba, aliuliza kutoka kitandani.

"Nimeziba, Bibi."

"Haya. Tusije tukawapasha joto kunguru wa juu ya paa."

Moshi ulikosa pa kutokea, ukatanda darini, kwenye mapande ya nyama ya nguruwe yaliyotiwa chumvi. Bibi alisema bila moshi ule nyama haiwi nyama. Madirisha yalibandikwa nailoni, na mlango haukufunguliwa ovyo. Humo ndani mama yake Guixian alipika, alishona, na alikohoa.

Nyumba nyingi za kijiji chao, juu ya milima ya Xuanwei, zilikuwa hivyo. Watu wa afya walikuwa wameweka mabomba kila nyumba. Muuguzi alipopanda kuja kukagua, habari zilimtangulia mlango hadi mlango. Guixian alichomoa furushi na kulisukumia chini ya kitanda. Muuguzi aliona moto unavuta vizuri, akasifu, akaenda zake. Wanawake wakabaki wanacheka.

Majira hayo Mama alianza kukonda. Baba alikuwa mbali mjini, akifanya kazi ya ujenzi. Bibi alinong'ona na majirani, "Ni damu ya kwao. Mama yake naye alikwenda hivyo hivyo, kwa kifua."

Guixian alisikia. Bibi mzaa mama, kisha Mama, kisha nani? Darasani mvulana mmoja aliwahi kusogeza dawati lake akisema, "Usinikoholee, wewe na ukoo wenu!" Siku hizi kila Guixian alipokohoa, alijiziba mdomo kwa mkono wa koti. Alijiona kama amefungiwa mahali pasipo na mlango.

Asubuhi moja Mama alitema damu. Jirani aliwapakia yeye, Bibi na Guixian kwenye pikipiki yake ya matairi matatu, wakashuka hadi hospitali ya wilaya. Baada ya vipimo vya siku kadhaa, Daktari Kou, mama wa makamo, aliketi kando ya kitanda.

"Ni saratani ya mapafu," alisema taratibu. "Lakini uvimbe bado mdogo. Tutaukata. Sasa niambieni, nyumbani mnatumia jiko gani? Lina bomba la moshi?"

"Bomba lipo," Bibi alijibu haraka. "Linavuta vizuri sana. Hata muuguzi hutusifu."

"Vizuri. Basi akipona kidonda, atarudi kupumzika nyumbani."

Guixian alimtazama mama yake. Mama aligeuza uso ukutani. Tangu aolewe hakuwahi kumpinga mama mkwe wake, na mtoto naye hakutakiwa kupingana na mkubwa mbele ya mgeni. Bibi aliona mjukuu wake anataka kusema, akamfinya kiganja. Guixian aliona nyumba yao, nailoni dirishani, na Mama amelala humo na kidonda kifuani.

"Nisamehe, Bibi," alisema, machozi yakimtoka. "Daktari, bomba tunaliziba. Mimi ndiye ninayeliziba. Tunalizibua mkaguzi akija tu."

"Mtoto wewe! Unanivua nguo mbele za watu?" Bibi alifoka. "Na huo moshi una kosa gani? Mkwe wangu hajagusa kiko maisha yake yote. Ni damu ya kwao!"

Daktari hakukasirika. "Mama, hakuna mwingine nyumbani kwako aliyeugua kifua?"

Bibi alijibu, "Binti yangu. Tulimzika mwaka juzi."

"Naye alikuwa na damu ya kwao mkweo?"

Bibi alitikisa kichwa.

"Sikiliza, Mama. Ndani ya kila seli ya mwili kuna jeni. Ni kama maagizo: kua, sasa acha kukua. Moshi wa makaa ya huku kwetu huyaharibu maagizo hayo. Seli iliyoharibika haijui tena kuacha, inakua tu. Tulipopima uvimbe wa mkweo tuliona mabadiliko tunayoyaona kwa wanawake wengi wa milima hii, wasiovuta tumbaku. Hakuzaliwa nayo. Ameyapata kwa kuvuta moshi, miaka na miaka."

"Kwa hiyo sikuurithi ugonjwa huu?" Guixian aliuliza.

"Hukurithi mabadiliko haya, mwanangu. Ila na wewe unauvuta moshi ule ule."

Bibi aliketi kwenye ukingo wa kitanda. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kabla ya huyu mjukuu wangu, binti yangu ndiye aliyekuwa akiziba bomba."

Mama alinyoosha mkono, akamshika mama mkwe wake.

Mama alipasuliwa, na baridi ilipokwisha alirudi katika nyumba yenye madirisha wazi na moshi unaopanda angani. Daktari aliwaonya kwamba bomba ni mwanzo tu, afadhali waachane na makaa yale kabisa. Bibi alimpigia Baba simu, akamwagiza jiko la umeme.

Siku muuguzi alipoonekana tena bondeni, wanawake walianza kukimbilia ndani. Bibi Tao alisimama katikati ya njia.

"Acheni!" alipaza sauti. "Mwacheni aone tunavyoishi!"

"Mama Tao, utatuaibisha!" jirani alilalamika.

"Aibu ya kusema kweli huisha jioni. Ya kuficha, mimi nimeizikia mtoto." Alimgeukia Guixian. "Mjukuu wangu, adabu si kunyamaza mtu anapoangamia. Ukiniona nasema uongo unaoua, nikatalie, hata nikikufinya."

"Utanifinya tena, Bibi?"

"Nikisahau," alisema Bibi, akamshika mkono, wakashuka kumlaki muuguzi.