Uko Uchi!

"Usisogee, Nabiha! Uko uchi!"

Sauti ya Chirau, fundi wa stima, ilitoka ghorofani ikamkuta Mzee Gharib na kikombe mdomoni. Kahawa yote kwenye kanzu! Binti yake aliyemtawisha ndani miaka mitatu, hata simu akaitia kufuli, yuko uchi na fundi? Akapanda ngazi mbilimbili, bakora mkononi.

"Nani yuko uchi?"

Nabiha alikuwa mlangoni, kajitanda buibui, tochi mkononi. Chirau yuko juu ya kiti, kapauka.

"Waya, mzee. Panya wameula ganda. Angeugusa, angekufa."

Mzee akashusha pumzi. "Haya, funika, ushuke. Kina Kamaludin waja leo kupokea jibu la posa."

"Jibu ninalo mimi," Nabiha akasema. "Kamaludin simtaki, Baba. Namtaka Chirau."

Loo! Chirau nusura aanguke. Wiki tatu za kubadilisha waya yeye na Nabiha wamezungumza na mlango katikati, na kila usiku analala akilitaja jina la binti huyo.

"Nawe wamtaka?" mzee akafoka.

"Namtaka, mzee. Kwa halali."

"Nabiha! Nimekuhifadhi usidhurike, haya ndiyo malipo?"

"Fundi, mwambie Baba. Ganda la waya kazi yake nini?"

Chirau akaunyooshea waya kidole. "Watu wasidhurike. Lakini ndani stima yapita, mzee, ndipo taa ziwake."

"Mimi umenivisha ganda, Baba, ukazima na swichi. Ukiwaitikia leo, nitakataa mbele ya kadhi. Wallahi nitakataa!"

Machozi yalimtoka, lakini macho hakuyainamisha. Mzee akamtazama, akautazama ule waya, bakora ikamlegea. Mtoto ni huyu mmoja, na leo nusura amkose.

"Kwenu wapi?"

"Kwale, mzee. Mimi nakaa Tudor."

Mzee akatoa ufunguo mfukoni, akampa Nabiha. "Fungua simu. Kamaludin nitamwambia mimi. Huyu awapigie wazee wake, waje Ijumaa baada ya alasiri. Nawe fundi, mambo ya uchi usiyapigie kelele. Mtaa mzima wa Kuze umesikia!"

Miezi miwili baadaye, bwana harusi aliingia chumbani, akamfunua bibi harusi uso.

"Nabiha, uko..."

"Thubutu!"

"Sijamaliza. Uko huru, mke wangu."