Jaketi Lililomficha Verlin

Sogezeni viti, jamani, hasa nyinyi mnaopenda kuficha, na nyinyi mnaoishi na wafichaji. Kisa chenyewe ni cha nyumba moja tu ya hapa kwetu Tarbell, chini ya milima ya Washington magharibi, lakini sidhani kama kuna mtaa usio na nyumba ya namna hiyo.

Jumapili moja ya Oktoba, Verlin Haug alikuwa jikoni kwake akimtazama mkewe, Marva, akikaanga uyoga wa dhahabu kwa siagi na vitunguu. Nje mvua ilinyesha kama kawaida yake, ile ambayo huanza majani yakidondoka na haikomi mpaka watu wamesahau jua lilivyo. Orrin, kaka yake Marva, alikuwa ameshaketi mezani na mkate wake wa mahindi, kama kila Jumapili.

"Shemeji," Orrin akasema, "uyoga mtamu hivi unautoa wapi?"

"Msituni."

"Msitu upi?"

"Ule wenye miti."

Wakacheka wote watatu. Utani huo ulikuwa wa miaka na miaka, na ulikuwa na maana yake. Kwetu sisi kila nyumba ina mahali pake pa uyoga, na mahali hapo hapaulizwi kwa dhati. Mtu atakusimulia ugonjwa wake na ugomvi wake na mama mkwe, lakini ukimuuliza anachuma wapi, ghafla anageuka kiziwi. Si vibaya. Tatizo la Verlin ni kwamba yeye alivuka mpaka. Hata Marva, mke aliyemzalia watoto na kumsafishia uyoga huo kwa brashi miaka yote ya ndoa yao, hakujua unakotoka.

Wiki hiyo hiyo amani ikavurugika. Verlin alipanda mlimani kwenye korongo lake la siri, anakochuma, akakuta vishina vimekatwa kwa kisu, safi kabisa, na uyoga haupo. Alipiga magoti akavihesabu kimoja kimoja. Ni nani? Hakuwa na ushahidi wowote, lakini mwenye wivu hahitaji ushahidi. Akamkumbuka Orrin na swali lake la kila Jumapili.

"Mwambie kaka yako asije tena kula hapa," alimwambia Marva.

"Kwa nini? Kafanya nini?"

"Kikulacho ki nguoni mwako. Mwambie tu."

Marva aliweka chini kikombe chake. "Verlin, yule ndiye ndugu pekee niliyebaki naye."

"Basi nenda ukale kwake."

Jumapili iliyofuata Marva akachukua sufuria yake akaenda kula kwa kaka yake kweli, na Verlin akabaki na paka. Nyumba iliingia baridi isiyotokana na mvua.

Sasa hapo ndipo jaketi linapoingia. Ni vizuri mjue kwamba Verlin, aliyestaafu kazi ya kunoa misumeno kiwandani, alikuwa na sifa moja mjini: hakuna kifaa alichokisifu bila kukipima. Glavu, kamba, buti, tochi, vyote alivitesa kwanza. Mtu akitaka kununua kitu cha msituni, watu wa mgahawani humuuliza, "Kimepita kwa Verlin?" Kama hakijapita, hanunui. Kwa hiyo aliporudi kutoka duka la vifaa kuukuu vya jeshi akiwa na jaketi la kombati, la mabakamabaka ya kijani, kahawia na nyeusi, lile wanalopewa askari kwa ajili ya mvua, mji mzima ulijua kwamba kuna kesi imefunguliwa.

Kwanza alilipindua akaikagua mishono. Yote ilikuwa imezibwa kwa ndani kwa utepe. Akavuta zipu juu na chini, akafungua zile za kwapani za kutolea joto la mwili. Kofia yake ilikuwa kubwa, maana imeshonwa ipite juu ya kofia ya chuma ya askari, nayo ilimwangukia machoni mpaka alipokaza kamba. Kitambaa kilipiga kelele kidogo akitembea. Hilo hakulipenda.

Kisha Marva akasikia maji ya bafuni yakitiririka muda mrefu kuliko kawaida. Akafungua mlango. Mumewe alikuwa amesimama chini ya bomba la mvua, amevaa jaketi na kaptula, kikombe cha kahawa mkononi.

"Mungu wangu! Wewe mzee una akili sawasawa?"

"Funga mlango, unaharibu jaribio."

"Na hayo makaratasi ya chooni yanayochungulia kwenye mikono ya jaketi?"

"Nimeyajaza ndani ya mikono na mifukoni. Yakilowa, jaketi limeanguka mtihani."

Hayakulowa. Hata lile la mfuko wa kifuani lilitoka kavu kama lilivyoingia. Marva alicheka bila kutaka, kisha kicheko kikaisha, kwa sababu aliliona jaketi vizuri.

"Verlin, hili utalivaa msituni msimu huu? Wawindaji wa kulungu wametapakaa kila mahali."

"Ndiyo uzuri wake. Hakuna atakayeniona nikienda wala nikirudi."

"Na hicho ndicho ninachokiogopa! Vaa basi kizibao cha rangi ya chungwa juu yake, wasikudhanie kulungu."

"Nivae mabakamabaka, halafu juu yake nijipake rangi ya chungwa? Si bora nipige na ngoma kabisa!"

"Basi niambie unakwenda wapi. Mimi tu. Sitamwambia mtu."

Verlin akafunga bomba. Akajipangusa uso, akaenda kulianika jaketi. Marva alibaki mlangoni pa bafu, akasema kwa sauti ndogo, "Mficha uchi hazai, Verlin."

Siku ya tatu yake, asubuhi, mzee akaenda. Chini ya jaketi alivaa sweta jekundu alilofumiwa na Marva, kwa sababu lilikuwa la sufu na yeye hapingani na sufu. Filimbi yake ya kuitia msaada aliiacha nyumbani. Filimbi huita watu. Na sasa nawaomba mtazame ujanja wake, ambao wengi wenu hapa mnaufanya, msijifanye kutazama dari. Pikapu yake hakuiegesha karibu na korongo. Aliipeleka mpaka upande wa pili wa mlima, akaiacha barabarani ionekane na kila mpita njia, halafu akakata msitu kwa miguu kurudi mahali pake. Ili atakayeiona aseme, "Aa, Verlin anachuma huku," akapoteze siku nzima kupekua msitu usio na kitu.

Kikapu kilikuwa kimejaa nusu alipokanyaga gogo bichi lenye utelezi. Mguu wa kushoto ulikwenda kwake, naye akaenda kwake. Akabingirika mpaka chini karibu na kijito, na alipojaribu kusimama, kifundo cha mguu kilimjibu kwa maumivu yaliyomfanya aone nyota mchana. Kimevunjika. Simu haikushika mtandao kule bondeni. Akapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Kijito kilikuwa kimefura kwa mvua, kikamzidi sauti.

Usiku ule siwasimulii. Kila mmoja wenu ana baridi yake ya kuikumbuka. Ninachosema ni kwamba jaketi lilifanya kazi. Maji yalimpita juu kama yanavyompita bata. Verlin alijikunyata chini ya majani ya makangaga, kofia imekazwa, akajiambia kwamba kifaa hiki kimepita, kimepita kwa alama zote. Hata katika shida ile alijivunia kuchagua vizuri.

Kulipopambazuka akasikia watu. Akafurahi kama wafiwa walioambiwa maiti amekohoa. Lakini sauti zilitoka mbali, ng'ambo ya mlima, kule ilikokuwa pikapu. Watu wa kujitolea wa mji mzima, na mbwa, na polisi wa wilaya, walikuwa wakipekua kwa bidii msitu usio na kitu. Yeye mwenyewe ndiye aliyewapeleka kule.

Baadaye sana, vijana wawili wa zimamoto wakatokea juu ya korongo. Verlin akainua mikono yote miwili, akaita kwa ile sauti iliyobaki, mfano wa bawaba isiyotiwa mafuta. Mmoja akatazama chini, moja kwa moja kwake. Verlin aliyaona macho yake.

"Vipi?" mwenzake akauliza.

"Hamna kitu. Makangaga matupu."

Wakaondoka.

Ndugu zangu, hapo ndipo Verlin alipolia. Hakulia kwa sababu ya mguu. Alielewa kwamba jaketi halikuwa na kosa lolote. Lilimfanyia kile alicholiomba. Alitaka asionekane, na sasa haonekani. Akawaza Marva akisimama kando ya pikapu kwenye mvua, akimwambia polisi, "Sijui. Hakuwahi kuniambia." Aibu ikamchoma kuliko baridi. Kilichokuwa kikimla kweli kilikuwa nguoni mwake, na hakikuwa shemeji yake.

Alibaki na kitu kimoja cha kufanya, nacho kilimtisha. Akifungua zipu, mvua itamwingia, na mwili wake ulikuwa umeshaanza kutetemeka. Akikaa kavu, ataonekana majani. Akatazama juu, akatazama mikono yake iliyokufa ganzi. Kisha akalifungua jaketi, akalivua, akalisukuma mbali kwa mguu mzima. Akajiburuta kwa viwiko mpaka juu ya jiwe jeupe katikati ya uwazi, akajilaza chali na sweta lake jekundu, mvua ikimpiga usoni. Hakuwa amewahi kujianika namna ile mbele ya mtu yeyote maishani mwake.

Sijui alikaa vile muda gani, na yeye hajui. Alisikia mawe yakiporomoka, kisha mtu akashuka kwa makalio, akihema na kutukana kila kichaka. Alikuwa Orrin.

"Nimeona jekundu!" Orrin aligeuka akapaza sauti juu. "Yuko huku! Leteni machela!" Akamvulia koti lake, akamfunika. "Usijitikise, mjinga wewe. Umetuua kwa hofu."

"Orrin... umejuaje kuja huku? Gari liko kule."

"Polisi walinikatalia nusu ya asubuhi, wakisema gari halisemi uongo. Nikawaambia hamumjui shemeji yangu." Orrin akaketi topeni karibu naye. "Mahali hapa napajua siku nyingi. Nilimjeruhi kulungu, nikamfuata kwa damu mpaka pale juu. Nikakuona umepiga magoti unachuma, unaimba vibaya kweli. Nikarudi zangu."

"Lini?"

"Wanao walikuwa bado wanatambaa."

Verlin alimtazama. "Na hukuwahi kurudi kuchuma?"

"Nichume nini? Uyoga wako huo."

"Kuna mtu alinikatia, Orrin. Nikadhani ni wewe."

"Nilishakisia. Dada yangu alikuja kulia kwangu." Orrin akamfuta maji usoni kwa kiganja chake kigumu. "Haya, nyamaza sasa. Unaumwa, na ukilia unakuwa na sura mbaya zaidi."

Aliyekata uyoga ule hajajulikana mpaka leo, na Verlin hamtafuti tena.

Marva alikuwa anangoja barabarani machela ilipofika. Hakusema neno la lawama. Alimshika mkono hadi hospitalini, na Verlin hakuachia njia nzima. Akamnong'oneza jina la kijito, na jina la barabara ya zamani ya kusafirishia magogo, na mti uliopigwa radi ambapo mtu anakata kulia. Marva akasema, "Nimesikia, mume wangu," akageuka dirishani ili asimwone akilia.

Siku ya mlo wa pamoja kwenye ukumbi wa wakulima, Verlin alifika na plasta mguuni. Watu hawakumwacha hata ale supu yake.

"Vipi lile jaketi, mzee? Limepita?"

Akasimama kwa magongo. "Maji haliingizi hata tone. Upepo haupiti. Kofia ni kubwa, kitambaa kinapiga kelele. Kwa kukuficha, halina mpinzani; linakuficha hata kwa wanaokupenda." Akagonga gongo moja sakafuni. "Kwa hiyo limeanguka. Anayelitaka alinunue, lakini ashonee kitu mgongoni."

Akageuka wamwone. Toka bega hadi bega Marva alikuwa ameshonea kitambaa kipana cha rangi ya chungwa, kikali mpaka mtoto mmoja akafumba macho. Ukumbi ukalipuka kwa vicheko, na Verlin akacheka pamoja nao.

Vuli iliyofuata Verlin, Marva na Orrin walipanda korongo lile mchana kweupe, na pikapu iliegeshwa palepale mwanzo wa njia. Uyoga ulikuwa mwingi mno. Vikapu havikutosha; Orrin alivua kofia yake wakaijaza nayo.

Funzo

Siri si dhambi, na kila mtu ana haki ya korongo lake. Lakini mtu anayewaficha wa nyumbani kwake njia anayopita, siku akianguka huwa amewafungia mlango wa kumwokoa. Vilevile tusimhukumu ndugu kwa dhana, maana huenda yule tunayemkimbia ndiye aliyetutunzia siri yetu miaka yote bila kudai shukrani. Na kabla hujauliza nguo yako inazuia maji kiasi gani, uliza kwanza kama anayekutafuta atakuona. Leo ukitoka, mwambie mtu unakokwenda.