Cheni Ilipolamba Tairi

Tairi la nyuma lilipasuka jua likiwa utosini. Pikipiki iliyumba, gurudumu likakwama ghafla, na wote wawili wakarushwa kwenye changarawe. Fundi alibiringika, akainuka viwiko vikivuja damu. Shemeji yake, mume wa dada yake, hakuinuka. Pikipiki ilikuwa imemlalia mguu.

"Usinivute," alisema shemeji. "Inyanyue kwanza."

Fundi akainyanyua. Mguu ulikuwa umevunjika chini ya goti, umepinda pasipopindika. Dumu moja la maji lilikuwa limetoboka na ardhi ilikuwa ikiyanywa kwa pupa. Alilirukia akaligeuza, akaokoa yaliyosalia. Dumu la pili lilikuwa dogo, lakini zima. Pande zote jangwa lilikuwa tupu hadi macho yalipochoka, ila kilima kimoja kwa mbali.

Shemeji kazi yake ilikuwa kutengeneza pampu za visima vya huko jangwani, na pikipiki yake ilikuwa kuukuu kuliko ndoa yake, kama alivyopenda kutania. Matairi yake membamba yalikuwa yakizama mchangani. Ni Fundi aliyemshawishi aweke magurudumu mapana ya kisasa, tena kwa majigambo. Alichonga chuma hapa, akaongeza vipete vya washa pale, mpaka kati ya cheni na tairi ikabaki nafasi ya kupitisha kidole. Aliipima nafasi hiyo pikipiki ikiwa juu ya stendi, haina mtu wala mzigo, ilhali uzito huifinya nafasi hiyo. Hilo ni kosa la mwanafunzi, na yeye mwanafunzi hakuwa.

Walipoipakia madumu na kuzunguka nayo mtaani, alisikia kitu kikikwaruza chini yake. Shemeji naye alisikia, akauliza.

"Raba mpya hiyo," Fundi alimjibu. "Itajizoeza."

Majirani walikuwa wamesimama mlangoni pa gereji wakiisifu kazi yake, na aliona haya kuyavua magurudumu mbele yao. Badala yake akasema atamsindikiza safari ya kwanza. Moyoni alijua kwa nini.

Sasa alipiga magoti akalitazama tairi. Ubavuni, kuzunguka kote, kulikuwa na mfereji uliochimbwa na cheni, umelainika mpaka unang'aa. Mfereji ulipokuwa na kina zaidi ndipo palipochanika.

"Ni jiwe, eh?" aliuliza shemeji, jasho likimtiririka. "Mwendo wangu huu utaniua siku moja."

Fundi alifungua mdomo. Maneno yalikuwa tayari, hayakutaka hata kutafutwa.

"Labda ni jiwe," akasema.

Alichana shati lake, akaufunga mguu kati ya spana mbili ndefu. Shemeji aliuma mkanda wa suruali na hakupiga kelele. Fundi angefurahi kama angepiga, hata akamtukana.

"Kisima kiko wapi?"

"Penye kile kilima chenye vichwa viwili. Pampu yake niliifunga mwenyewe." Shemeji alimeza mate makavu. "Kwa mguu wako, utafika kesho. Kwa wangu, tuseme mwakani. Niachie maji kidogo, uende."

"Dada atanichinja."

"Basi afadhali ufie huku."

Walicheka. Fundi alilivua tairi, akaizungushia rimu turubai na kamba, akairudisha cheni mahali pake. Bila tairi, cheni ilizunguka bila kugusa kitu. Jambo hilo lilimchoma kuliko jua. Akampakia shemeji nyuma, akamfunga kiunoni mwake kama mama anavyomfunga mtoto, na tairi akalining'iniza kando.

"Litupe hilo. Uzito wa bure."

"Litatufaa kwa moshi," alisema Fundi. Ilikuwa kweli, ila haikuwa kweli yote.

Walikwenda mwendo wa kobe. Turubai lilichanika, akafunga jaketi. Jaketi likaisha, akafunga suruali yake ya kazi, akabaki na kaptula. Kila jiwe lilipanda moja kwa moja hadi kwenye mguu uliovunjika, na kila mguno wa shemeji, Fundi aliupokea mgongoni. Walilala kwenye baridi wamekumbatiana. Kesho yake homa ilipanda, na shemeji akaanza kumwita mkewe na kumwomba radhi kwa mwendo wake. Fundi alimlowanisha midomo kwa matone ya mwisho. Yeye mwenyewe alikuwa ameacha kunywa tangu jana, bila kusema.

Rimu ilikunjika kilima kikiwa bado mbali. Fundi alijaribu kumbeba, akaanguka naye. Hapo akajua ni moshi au kaburi.

Alilimwagia tairi petroli, akashika kiberiti, akasita. Likiungua, hakuna mtu duniani atakayejua. Mguu utaitwa ajali, na yeye ataitwa shujaa. Alisimama hapo huku mwenzake akihema kama mvukuto, akajionea aibu kwamba hata sasa alikuwa anapiga hesabu. Akachomoa kisu, akakata kipande chenye mfereji, akakitia mfukoni mwa kaptula yake. Kisha akawasha.

Moshi mweusi ulipanda wima. Jua lilipoanza kuinama, lori la wachimba chumvi lilitokea likiyumbayumba upande wa kilima.

Hospitalini, dada alikuwa amekaa kando ya kitanda, uso umevimba kwa kulia. Fundi aliingia na kumkuta akimgombeza mumewe.

"Kila siku nakwambia, mwendo wako, mwendo wako. Kama si huyu ndugu yangu, ningekuwa mjane leo."

"Kweli, mke wangu," alisema shemeji kwa upole. "Nimekosa."

Fundi alitoa kipande cha tairi, akakiweka juu ya shuka.

"Dada, pitisha kidole hapo. Si jiwe, wala si mwendo. Cheni ilikuwa inalamba tairi tangu nyumbani, na nilisikia. Nikamwambia itajizoeza."

Dada alipitisha kidole mferejini, mara moja, mara ya pili. Aliondoa mkono wake, akaupangusa kwenye gauni kwa nguvu.

"Ulisikia," alisema, "na ukamwacha apande."

"Ndiyo."

Dada alihamisha kiti chake, akampa kisogo. Fundi alikuwa amejiandaa kwa makofi. Kwa kisogo kile hakuwa amejiandaa. Akageuka aondoke.

"Shemeji," iliita sauti kutoka kitandani. "Unadhani fundi wa pampu hajui raba iliyosagwa na cheni inavyoonekana? Nililiona tairi lile pale pale."

"Na ukasema ni jiwe?"

"Nilikufungulia mlango wa kusema kweli. Nikangoja upite." Alifumba macho, amechoka. "Njia ilikuwa ndefu sana, shemeji."

Fundi alishika nguzo ya kitanda. Machozi yalimtoka bila kificho, mbele ya dada yake.

"Yale matairi membamba bado unayo?" aliuliza shemeji.

"Yametundikwa gerejini."

"Basi yarudishe. Na siku nyingine ukisikia sauti, sema."