Soketi ya Nyumba ya Wageni

Maegesho ya duka kubwa lile yalikuwa na mashine mbili za kuchajia magari ya umeme, na moja ilikufa wiki ileile ya kuzinduliwa. Ile nzima ilikuwa imeshikwa na gari dogo la kijivu, kuukuu, lililokwisha kujaa zamani, taa yake ya kijani ikiwaka bila haya. Nyuma yake, ndani ya gari jeupe lenye picha ya chupa ya maabara mlangoni, dada mmoja alikuwa anafura.

Alivaa shati la kazi la buluu, nywele kazisuka na kuzifunga kwa kitambaa cha njano, raba nyeupe pee miguuni. Kazi yake ilikuwa kupeleka damu za wagonjwa kutoka zahanati hadi maabara, na damu haina subira. Nyumbani walimwita Kiberiti, na hawakumsingizia.

Aliteremka akachungulia kioo cha mbele cha gari la kijivu. Palikuwa na karatasi: "Nachaji. Ukinihitaji nipigie," na namba ya simu chini yake. Akapiga.

"Haloo?" Sauti ya mwanamume, ya chini, ya mtu asiyetaka kusumbua jirani.

"Kaka, gari lako limeshiba mpaka linabeua. Njoo ulitoe."

"Samahani sana, dada. Nina mtu kitini, anasoma herufi."

"Mwalimu?"

"Mpima macho. Duka la miwani, ghorofa ya pili. Nipe dakika tano."

"Wewe unapima macho ya watu, halafu karatasi yako umeiandika kwa herufi za sisimizi! Nimeinama hapa mpaka mgongo unauma."

Yule bwana akacheka. "Kama umezisoma zile, huhitaji miwani. Nimekupima bure, dada yangu."

Alishuka mbio, koti jeupe likipepea, miwani kaipandisha kwenye paji la uso. Alikuwa mrefu, mwembamba, shati limepigwa pasi vizuri na tai imekaa upande. Ilibidi aje mwenyewe kwa sababu waya ule hufungwa na gari. Bila simu ya mwenye gari, hata uuvute kwa trekta hautoki. Akabonyeza simu, waya ukaachia, naye akaukabidhi kwa mikono miwili.

"Asante," alisema Kiberiti, na hasira aliyokuwa ameiandaa akaikosa ghafla. Tai ile ilimfanya atake kuinyoosha.

Kesho yake akapiga tena. Keshokutwa pia. Mwanzoni simu zilihusu gari, halafu zikahusu mambo mengine, na gari likawa kisingizio tu. Mpima Macho alipoona anapanda na kushuka ngazi mpaka wateja wanalalamika, aliiweka programu ya gari lake kwenye simu ya Kiberiti ili awe anafungua waya mwenyewe.

"Sasa unazo funguo za moyo wangu," alimwambia.

"Nina funguo za waya. Usijipandishe bei."

"Utazipata na hizo nyingine."

"Sijaomba."

"Lakini hujakataa, laazizi."

Kiberiti akageuza uso pembeni asionekane akitabasamu. Siku ile alichelewa kufika maabara kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe.

Alimpenda, na hakuwa mtu wa kuficha. Lakini alimwekea sharti moja, waziwazi, wakiwa wamekaa ndani ya gari la kijivu mvua ikinyesha. Mwanamume aliyemtangulia alikuwa na mke na watoto, na akasema mke huyo ni dada yake.

"Nidanganye juu ya umri wako. Nidanganye hata juu ya kimo," alisema Kiberiti. "Zaidi ya hapo, mimi na wewe basi."

"Kimo changu unakiona."

"Sitanii, mpenzi."

"Nimesikia, mama. Basi."

Kikwazo kilikuwa baba. Baba yake alikuwa fundi wa injini za dizeli, mwenye gereji iliyojulikana mtaa mzima, na watu walimwita Mzee Dizeli. Miaka ile haikuwa mizuri kwake. Kampuni za teksi zilikuwa zinabadilisha magari; yaliyomjia siku hizi yalikuwa ya nusu kwa nusu, injini ndogo ya petroli upande mmoja na mota ya umeme upande wa pili, na ndani yake nyaya nene za rangi ya chungwa ambazo mafundi wake waliogopa hata kuzipangusa vumbi. Yale ya umeme mtupu hayakuja kabisa. Hayana oili ya kubadilisha wala plagi za kuchafuka. Mzee aliyaita redio, na binti yake aliyekuwa anaendesha mojawapo kila siku alimwita mtangazaji.

Siku Mpima Macho alipopelekwa gereji kusalimia, mafundi wote waliweka spana chini ili wasikie vizuri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ndiye wewe mwenye redio ya kijivu?" Mzee alimtazama kuanzia viatu. "Haya. Umeme wake unaupata wapi?"

Hapo ndipo alipoteleza. Ukweli ni kwamba mwenye nyumba wake alikuwa amemkatalia katakata kuchomeka kitu chochote kikubwa kuliko pasi. Ukweli mwingine ni kwamba gari alilinunua limeshatumika, betri imechoka, na bila kuchaji kila siku halifiki mbali. Lakini macho ya gereji nzima yalikuwa juu yake, na msichana anayempenda alikuwa kasimama pembeni, kajaa matumaini.

"Nyumbani, mzee. Mwenye nyumba kaniwekea soketi yangu."

"Hapo sawa. Maana sitaki mwanangu aolewe na mtu wa kuzurura na waya mkononi, anabisha hodi kwa watu."

Mafundi wakacheka. Kiberiti naye alicheka, akamfinya mchumba wake mkono kwa furaha. Mzee akapanga Jumapili ya mwisho wa mwezi, aje nyumbani ajitambulishe kwa wakubwa. Uongo wenyewe ulikuwa mdogo, wa sentensi moja, na Mpima Macho alijiambia atausahihisha wiki ijayo. Wiki ijayo ikafika, hakusahihisha.

Kisha ile mashine nzima ya dukani nayo ikafa. Kiberiti hakupata shida, kwa kuwa zahanati ilikuwa imeweka mashine yake yenyewe. Kitu pekee alichokosa ni ile sura ya mpenzi wake kila mchana, kwa hiyo akawa anafungua programu ya gari la kijivu, angalau aone lilipo. Ramani ikafunguka, na alama ya gari ikawa imetulia kwenye nyumba ya wageni iliyo nyuma ya kituo cha mabasi, ile ambayo kila mtu mjini anaijua na hakuna anayekiri kuijua.

Akasema moyoni labda simu imekosea. Kesho yake mchana, palepale. Siku iliyofuata, palepale, saa tatu nzima.

Akapiga simu. "Uko wapi, mpenzi?"

"Nipo kazini, laazizi."

"Na gari?"

"Gari... lipo tu. Limepumzika."

Alikata simu, akaenda moja kwa moja kwa shangazi yake, dada wa Mzee Dizeli, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake. Shangazi aliitazama ile ramani kwa kuisogeza mbali na macho.

"Huendi peke yako," alisema. "Na huendi na hilo shati la kazi."

"Shangazi, naenda kumfumania mtu, siendi harusini."

"Ndiyo maana. Kama ni kuachana, mwache ukiwa umependeza."

Kwa hiyo mchana uliofuata, Kiberiti aliingia kwenye lango la nyumba ya wageni akiwa na gauni la zambarau lililomkaa sawasawa, hereni ndefu, viatu vya visigino, na shangazi nyuma yake kashika mkoba kama silaha. Mama wa mapokezi aliinua macho. Alikuwa na miwani mipya.

"Karibuni. Mnataka chumba?"

"Tunamtaka mtu," alisema shangazi. "Mrefu, mwembamba, ana gari la kijivu."

"Aa, daktari wangu! Yuko uani, piteni."

Uani, chini ya kamba ya kuanikia mashuka, gari la kijivu lilikuwa limesimama, na waya wake ulipita dirisha la jikoni hadi kwenye soketi kubwa ya pampu ya maji. Pembeni, juu ya kigoda, alikaa Mpima Macho, mikono ya shati kaikunja, akikaza skrubu ya miwani ya mlinzi. Mlinzi alikuwa amelala fofofo. Hapakuwa na mwanamke mwingine zaidi ya mpishi, naye alikuwa ana wajukuu.

Shangazi alicheka mpaka akashika ukuta. Kiberiti hakucheka.

"Kumbe ni soketi," alisema polepole. "Soketi!"

Mpima Macho alisimama, uso umemshuka. "Mwenye nyumba alinikatalia. Nilitaka kukuambia."

"Ungekuwa na mwanamke humu, ningejua la kufanya. Ningelia, ningekutukana, ningeondoka. Sasa nifanye nini na mtu anayenidanganya kwa ajili ya soketi? Ukiwa na jambo kubwa utaniambia nini?"

"Nilimwambia baba yako, si wewe."

"Nilikuwepo! Nilikufinya mkono!"

Mpima Macho naye akakumbuka kukasirika. "Na wewe umejuaje niko hapa? Nilikupa ile programu utoe waya, si kunichunga kama mfungwa. Siku zote hizi unaniona, unanipigia na kuniuliza niko wapi, na jibu unalo?"

Hilo lilikuwa kweli, na lilimchoma Kiberiti. Akampa kisogo, akatoka, visigino vikigonga sakafu ya saruji, na shangazi akamfuata akimwomba radhi mama wa mapokezi.

Jioni ile alifungua simu bila kukusudia. Ramani haikuja. Palikuwa na maneno tu: ruhusa yako ya gari hili imeondolewa. Alikaa kitandani na gauni lake la zambarau, akalia kwa sauti, bila kumjali atakayesikia.

Hakupigiwa simu, na yeye hakupiga. Jumapili ilipofika, wakubwa walikuja kwa sababu hakuna aliyekuwa na moyo wa kuwazuia: baba mdogo na mkewe, shangazi, majirani wawili wasioalikwa. Viti vikapangwa sebuleni. Saa ya mgeni ikafika, ikapita. Mzee Dizeli alitazama dirishani, akamtazama binti yake aliyeketi na gauni lake jeupe, akaanza kukohoa kohozi lisilokuwepo.

"Labda redio imekosa mawimbi," alisema baba mdogo. Hakuna aliyecheka.

Mlango ukagongwa. Mpima Macho aliingia kwa miguu, suti nyeusi imelowa jasho mgongoni, viatu vimejaa vumbi. Alisalimia wakubwa wote mmoja mmoja, akakataa kiti.

"Mzee, gari limezimika pale kwenye mlima. Limeishiwa umeme," alisema. "Nilikudanganya. Sina soketi nyumbani, sijawahi kuwa nayo. Nilikuwa nachaji kwenye nyumba ya wageni, kwa hisani ya watu, na tangu mwanao agundue hilo sijarudi pale. Nimekuja na umeme uliobaki ili nikwambie kwa mdomo wangu. Nikiondoka hapa bila mke, nitakuwa nimestahili."

Shangazi akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Mzee Dizeli aliuma mdomo, maana alikuwa anajizuia asicheke habari ya gari kuzimika.

"Mimi nawadanganya wateja kila Jumatatu kwamba gari litakuwa tayari Jumatano," alisema mwishowe. "Kwa hiyo mimi na wewe tumemalizana. Lakini huyu," akamwelekezea binti yake kidevu, "huyu mimi simsemei. Ninachojua ni kwamba gari haliwezi kubaki katikati ya barabara. Twendeni."

Wakatoka, mzee mbele. Gari la kijivu lilikuwa limekaa katikati ya mlima, na nyuma yake foleni ya watu wanaopiga honi. Mzee akaingia, akakamata usukani, akatafuta gia, akakuta kitufe. Akakibonyeza kwa kidole kimoja, kama anajaribu joto la pasi. Mpima Macho akavua koti. Alipoinama kusukuma, aliona mikono mingine miwili imetua juu ya bodi kando ya yake, na mkono wa gauni jeupe.

Gari likaanza kusogea polepole.

"Utachafuka," alisema.

"Sukuma." Hatua kadhaa zikapita. "Nilikuwa nakuchungulia kila mchana kwenye simu. Sikukuuliza. Samahani."

"Ungeniuliza ningekudanganya."

"Najua. Ulishanidanganya. Limepumzika!"

Mpima Macho akacheka huku anahema. Kisha akaacha kucheka. "Nisamehe, mpenzi. Nilitaka baba yako anione mtu."

"Mimi nilishakuona mtu, na baba siye utakayemwoa." Alifuta jasho kwa bega. "Utanidanganya tena?"

Mpima Macho alifikiri kwelikweli, na Kiberiti alimwona anafikiri. "Sijui. Ila nikikudanganya, nitakuja mwenyewe kukuambia kabla hujanifumania. Hata kwa miguu."

"Hapana" ni jibu rahisi kwa kila mwanamume, na yule aliyemtangulia alilitumia kila siku. Kiberiti alilipima jibu hili jipya, akaona anaweza kuishi nalo.

"Basi nioe," alisema.

"Umesemaje?"

"Umesikia. Sisemi mara mbili mlimani."

Mpima Macho aliachia gari, akamshika mikono yote miwili iliyojaa vumbi. Gari likasita, likaanza kurudi nyuma. Mzee Dizeli akakanyaga breki, akatoa kichwa dirishani.

"Nyie! Mbona mmesimama?"

"Baba, tunaoana!"

"Oaneni huku mnasukuma!"

Wakainama tena, bega kwa bega, wakasukuma. Nyuma yao shangazi alikuwa anawaeleza wenye honi kwamba wasubiri, kuna watu wanachumbiana.